Fedha ya birika la Mosul: imepakwa, imechomelewa au vipi?

Macho4: Wajuzi, nisaidieni. Kuna birika la shaba British Museum, maarufu kama birika la Blacas, kazi ya Mosul, Iraki, mwaka 1232. Nimekuza picha yake hadi macho yanauma: wapiga muziki, wawindaji, bibi anajitazama kiooni, wote kwa fedha. Fedha hiyo inashikaje? Mbona vyombo vingine vya zama zile vimebaki na vishimo vitupu?

MfuaFedha: Haikupakwa wala kuchomelewa, imepachikwa. Unachimba umbo kwenye shaba kwa tindo, kina kidogo tu, kisha unazichokoa kingo kwa ndani zipate mdomo. Unakata bati jembamba la fedha kwa umbo lile lile, unaliweka humo na kuligonga polepole mpaka litanuke na kujibana chini ya mdomo ule. Nimewahi kujaribu kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja. Siku mbili, nikapata jani moja, nalo limepinda! Sura na mikunjo ya nguo huchorwa baadaye juu ya fedha yenyewe, na nafasi za katikati hujazwa kitu cheusi kama lami ili fedha ionekane. Kwa kuwa imebanwa tu, ikibanduka kinabaki kishimo.

Khati: Mwaka huo haukukisiwa. Birika lenyewe limeandikwa: limetiwa nakshi na Shuja' ibn Man'a al-Mawsili, mwezi wa Rajabu 629 Hijria, ndio 1232, Mosul. Kwa Kiarabu ni *naqsh*, nakshi yetu hii hii.

Macho4: Kwa hiyo ndiye aliyelifua pia?

Khati: Si lazima. Angalia ndoo ya Bobrinsky, iko makumbusho ya Hermitage, Urusi, ilitengenezwa Herat, Afghanistan ya leo, mwaka 1163. Ina majina mawili: Muhammad ibn Abd al-Wahid aliyeisubu, na Mas'ud ibn Ahmad aliyeipamba. Shuja' kasema nakshi, mimi namhesabia nakshi. Mwili wa birika huenda ni jasho la mwingine ambaye hakuandikwa.

MfuaFedha: Hapo umenigusa, mimi ndiye huyo asiyeandikwa 😄 Halafu kuna Muhammad ibn al-Zayn, fundi wa enzi za Wamamluki, watawala wa Misri na Shamu. Beseni lake liko makumbusho ya Louvre, Paris, na Louis XIII, aliyekuja kuwa mfalme wa Ufaransa, alibatizwa kwalo mwaka 1606. Jina lake kaliweka mara 6 kwenye chombo kimoja!

Macho4: Mara sita? Nakwenda kuyatafuta yote.