Tupeane uzoefu: kuwapiga picha vijana wa skeitibodi ukiwa safarini na wenzako

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nani kati yetu kawapiga picha vijana wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, nchi za watu? Naanza mie.

Tulikuwa London, kundi la marafiki wa Mji Mkongwe. Chini ya Queen Elizabeth Hall, kando ya mto Thames, pana uwanja wa zege ambao vijana wanautelezea tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ulitoka mpango wa kuwahamishia chini ya daraja la jirani. Wakakataa, watu wakawaunga mkono, na 2014 yakapatikana makubaliano wabaki. Mahali palipopiganiwa namna hiyo hupaingii na kamera usoni kama uko mbugani. Nilikaa pembeni nikatazama. Mmoja alikuwa akirukia kijiukuta kile kile, anaanguka, anajipangusa viganja kwenye suruali, anarudi. Aliponitupia jicho nikamwonyesha kamera, akaitikia kwa kichwa, nami nikaanza kazi.

Piga kutoka chini, karibu na sakafu, kwa lenzi pana. Pale aliporukia na pale anapotua paonekane pote, la sivyo mchezaji mwenyewe hataithamini picha yako. Kasi ya shata (muda kamera inapofunguka kupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde yatosha juani. Chini ya lile jengo pana kiza, picha zangu zina chembechembe, nami nazipenda hivyo hivyo.

Mdau wa Malindi:
Waalaykum salaam. Mie nachupa makachu, yaani naruka baharini kwa madoido, pale Forodhani, kwa hivyo nasema kama mpigwa picha. Wageni wanapiga, wanacheka, wanaondoka, na picha hatuzioni maisha! Tunachupa vizuri zaidi wakati wa bamvua, maji yakijaa alasiri, na kila mruko una hatari yake. Tafadhalini, mkishapiga, mtumieni mtu picha yake. Naamini hao wa London nao wanataka hivyo hivyo.

Mdau wa Wete:
Huyo kasema kweli tupu. Sie tulikwenda Kampala, tukafika Kitintale, kwenye uwanja wa skeitibodi uliojengwa na wenyeji mwaka 2006. Watoto wanapokezana ubao wa skeitibodi, mmoja akimaliza mzunguko anamkabidhi mwenzake. Wenzangu walikuwa na haraka ya kwenda sokoni Owino, nikawaomba subira, na wao ndio walionisaidia: mmoja akazungumza na wakubwa wa pale kuomba ruhusa, maana ni watoto, mwengine akaandika namba za kutumia picha. Peke yangu nisingeweza. Picha ninayoipenda haina mruko wowote. Ni ya msichana anayekaza gurudumu kwa vidole, kautoa ulimi kidogo.

Mdau wa Michenzani:
Kuhusu ruhusa natofautiana kidogo. Ukiomba mapema, vijana wanaanza kujipanga na picha inakufa. Mie hupiga kwanza, kisha namfuata namwonyesha, asipotaka nafuta mbele yake.

Mwanzisha mada:
Kwa watu wazima nakuelewa, ingawa mie bado nitauliza. Kwa watoto, hapana, mwenye mtoto aulizwe kwanza. Na flashi usiiwashe kabla hujakubaliana na mchezaji, kwa sababu ikimpiga machoni wakati anatua anaweza kuvunjika mkono. Alokwenda Barcelona, kwenye kiwanja cha mbele ya makumbusho ya sanaa ya MACBA, wanapoteleza vijana wa skeitibodi, atueleze mwanga wa jioni ukoje pale.