Usaha njia ya mkojo: ni UTI au gono?

mwanakwetu
Wakuu, heshima zenu. Mwanamume akikojoa kunaunguza, nguo ya ndani ina madoa ya njano, siku ya nne tangu afanye bila kondomu. Ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) au gono (kisonono)? Na mwenza asiye na dalili atumie dawa?

kaunta_ya_dawa
Mkuu, UTI kwa kijana wa kiume ni nadra, na haitoi usaha hivyo. Usaha mzito wa njano au kijani ndani ya siku 2 hadi 7, chukulia ni kisonono mpaka kipimo kikatae. Ukiwa mwepesi kama ute na ukachelewa wiki 1 hadi 3, fikiria klamidia, nayo ni ya zinaa. Mara nyingi vinakuja pamoja, ndiyo maana kituoni anachomwa seftriaksoni na kupewa doksisaiklini au azithromaisini juu yake. Hizo sipro (siprofloksasini) za kujinunulia aachane nazo, vimelea vimeshazizoea: usaha unakauka kidogo, kisha unarudi.

mama_maabara
Kabla ya kipimo asikojoe walau saa 1, na akinge mkojo wa mwanzo kabisa. Wa katikati ni wa kutafutia UTI.

Mwenza atibiwe, tena wakati mmoja. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasikii chochote huku mirija ya uzazi inaharibika. Mwanamke akisikia maumivu chini ya kitovu pamoja na homa, aende hospitali siku hiyohiyo, na apimwe mimba pia. Wote wawili wakae siku 7 bila tendo, la sivyo wataambukizana upya na kulaumu dawa. Uchafu wa ukeni mweupe mzito wenye muwasho kwa kawaida ni fangasi, si ushahidi wa usaliti. Wa kijani-njano wenye povu na harufu ndio wa trikomonasi, ambayo ni ya zinaa.

kaunta_ya_dawa
Akague na vidonda. Malengelenge madogo yanayochoma yakapasuka ni hepesi. Kidonda kimoja chenye kingo ngumu, kisichouma, ndicho kinachowaponza watu: ni kaswende, hutokea kama wiki 3 baada ya kuambukizwa na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Ugonjwa unabaki mwilini, baadaye vipele viganjani na nyayoni. Dawa yake ni sindano ya penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4.

Na apime VVU leo, arudie baada ya miezi 3. Dawa za kinga baada ya tendo zina mwisho wa saa 72, kwa siku ya nne zimeshampita.