Misaada ya kukuza biashara: Busia imemnufaisha nani?

Jicho la Mpakani
Wadau, wafadhili siku hizi hawatuletei mahindi ya njano, wanatuletea "biashara". Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kilijengwa kwa pesa za Uingereza na Kanada kupitia shirika la TradeMark, ili lori likaguliwe upande mmoja tu wa mpaka. Msaada mwingine unapitia kampuni binafsi, eti ziwekeze na kuajiri. Swali langu: inatufikia, au tumewasafishia njia wenye malori? Mimi naona afadhali hizo pesa zingeenda kwa mama wa soko.

Mzee wa Forodha
Kijana, hukuwepo. Dereva alikuwa analala Busia mpaka anajulikana kwa jina hotelini. Rais Uhuru Kenyatta alipokifungua 2016 mambo yakabadilika.

Mwanabusia
Ni 2018, mzee, na Museveni wa Uganda alikuwepo. Malori yanapita, sikatai. Mimi navusha trei za mayai kwa baiskeli. Mzigo wa chini ya dola 2,000 una cheti chake rahisi cha asili ya bidhaa, hakilipiwi. Lakini nipange foleni, nieleze kuku walitagia wapi, jua linapiga mayai. Njia ya panya kuna jamaa anachukua hamsini na hana maswali. Wewe ungepita wapi?

Mzee wa Forodha
Kwa hiyo unakiri magendo hadharani, halafu unanisahihisha mwaka.

Mwanabusia
Mwaka ulikuwa umekosea.

Kondele Moja
Nyinyi angalau mna mayai. Sisi Kisumu tumeijua biashara ya nje kabla yenu: minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa. Chakula cha paka. Huo ndio ubia na sekta binafsi.

Nyar Obunga
Paka wa nani? Kondele Moja, chunga mdomo. Mamangu amekaanga mgongo wazi tangu niko darasa la tatu. Tulikuwa tunaanika mifupa juu ya mabati, mimi nafukuza korongo kwa ufagio, jioni inaingia kwenye karai. Kile kichwa unachokidharau ndicho kililipa karo yangu. Nyama ya shingoni na mashavuni haijui Ulaya ni wapi.

Kondele Moja
Dada, sijamtukana mama. Nimesema minofu imeenda.

Nyar Obunga
Umesema paka.

Mtu wa Naivasha
Mnalia na samaki huku mkataba wa biashara na Ulaya uko mezani. Oktoba 2014 makubaliano na Ulaya yalichelewa na maua yetu yakatozwa ushuru, tukajua hatujui. Huu mpya umetiwa saini Desemba 2023, ukaanza Julai 2024. Bila soko hakuna mwekezaji, hata ufadhiliwe vipi.

Kondele Moja
Maua hayaliwi.

Mtu wa Naivasha
Mshahara unaliwa.

Jicho la Mpakani
Tafadhali, nimeuliza kuhusu misaada.

Mvuvi Mstaafu
Nijibu mimi basi. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango, ikasemekana watu wanavua kwa sumu. Bei ya mbuta ufuoni ilianguka, mtumbwi ukawa kiti cha kupigia gumzo. Baadaye tukaambiwa wanunuzi wanataka usafi: sakafu ya simiti, barafu, maji safi. Ufuo wetu ulijengewa banda kwa msaada, na mashine ya barafu juu. Utepe ukakatwa, tukala wali. Stima ya ile mashine hakuna aliyeipigia hesabu. Leo kuku wa mwenye kioski wanalala ndani yake, na mwenye gari la barafu anatupangia bei vilevile.

Mzee wa Forodha
Hilo ni kosa la kamati yenu ya ufuo, si la mfadhili.

Mvuvi Mstaafu
Kamati ilikuwa mimi, mzee. Pesa ya stima ingetoka kwa samaki gani?

Kondele Moja
Na sasa hata kibofu cha mbuta kinaenda Uchina, Watanzania wanakiita bondo, kilo yake inashinda minofu. Kesho watataka magamba.

Nyar Obunga
Mifupa yenyewe wanaitaka. Ukifika lango la kiwanda asubuhi, lori la wasaga chakula cha mifugo limeshafika mbele yako na linachukua yote kwa mkupuo, fedha taslimu. Mama mwenye karai moja anabaki kungoja vichwa vilivyopasuka. Jicho, ukitaka kujua msaada uende wapi, anza hapo langoni. Kondele Moja, mgongo wazi unaouita wa paka unaliwa na kuku wa Nakuru.

Mtu wa Naivasha
Kuku wangu hawali mbuta.

Nyar Obunga
Nusa gunia la chakula chao, omera.

Jicho la Mpakani
Mwanabusia, bado uko? Hicho cheti huwa wanakitoa dirisha gani?

Mwanabusia
La mwisho kushoto. Leo limefungwa.