Testi ya thredi (kazi zinazoenda sambamba ndani ya programu moja) inapita kwa laptopu, kwa seva inafeli mara moja moja. Nyinyi loki mnazitesti vipi?

MwanaMbale
Habari zenu ndugu zangu, niko huku Mbale naandika programu ya Java ya kikundi cha kuweka na kukopa, wanachama wanatoa pesa kwa simu kwa hiyo maombi mawili ya akaunti moja yanaweza kuingia pamoja. Shida ni ile mnaijua, salio ni 100,000, mtu anatoa 70,000 na mwenzake wa akaunti hiyohiyo naye anatoa 70,000 saa ileile, wote wawili wanaangalia salio wanaona inatosha, mwisho kikundi kimetoa 140,000. Nimeshaweka synchronized (loki ya Java, inaruhusu thredi moja tu kwa wakati) kwa method ya kutoa. Testi yangu inaanzisha thredi mbili, inalala kwa Thread.sleep milisekunde 100, halafu inaangalia kama salio ni 30,000. Kwa laptopu haijawahi kufeli. Kwa seva inayobildi inafeli mara moja moja, ukiirudia inapita. Sitaki kuongeza sleep mpaka inyamaze tu, hizi ni pesa za akina mama wa sokoni. Mnaandikaje testi ambayo ikipita unaamini kweli loki inafanya kazi?

Kato_Ntinda
Ndugu toa kwanza hiyo sleep. Ile kufeli kwa seva pengine wala siyo loki, seva imebanwa na kazi nyingine, milisekunde 100 zinaisha thredi hazijamaliza, testi inasoma salio mapema inakuta 100,000 bado. Badala ya kulala, tumia ExecutorService (ya Java, inakuendeshea thredi), kila kazi unayoipa inakupa Future (risiti ya jibu litakalokuja), halafu unaita get() yenye muda wa mwisho sema sekunde 10. Hapo unasubiri mpaka kazi iishe kweli, na kama kuna dedloki (thredi zinasubiriana bila mwisho) testi inafeli badala ya kuganda. Na faida nyingine ambayo watu wengi hawaijui: assert ikifeli ndani ya thredi uliyoanzisha mwenyewe, JUnit (chombo cha kurusha testi za Java) haioni kitu, ile exception (taarifa ya kosa) inafia hukohuko na testi inabaki kijani, yaani imepita. Future.get() inakurudishia hiyo exception.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile ya laptopu inayopita. Kuanzisha thredi ni kazi ndefu kuliko kutoa salio kwenye memori, thredi ya kwanza inakuwa imeshamaliza kabla ya pili haijazaliwa. Hazikutani kabisa! Weka CountDownLatch ya 1 (geti unalolifungua wewe), thredi zote zisubiri hapo, ukiiachilia zinatoka pamoja. Halafu rudia mara elfu kadhaa na akaunti mpya kila mara.

Na sasa fanya hivi leo kabla ya kitu kingine chochote: futa neno synchronized, rusha testi. Ikiendelea kupita bila loki, hiyo testi haijawahi kulinda pesa ya mtu yeyote.

DadaWaGulu
Nakubaliana na Kato ila kurudia mara elfu bado ni kubahatisha tu, umeongeza nafasi ya kukutana lakini hujalazimisha zikutane. Mimi napenda kulazimisha. Hatari yote iko kati ya kusoma salio na kuandika salio jipya, si ndio? Basi testi ishike hapo katikati. Kama salio linasomwa kupitia interface (sehemu ambayo kodi yake unaweza kuibadilisha na nyingine), kwenye testi weka yako ya kuigiza ambayo ikishasoma salio inasimama kwenye CyclicBarrier ya watu wawili (geti linalofunguka thredi zote mbili zikifika), na await yake, yaani kusubiri hapo, iwe na kikomo cha milisekunde 200 hivi. Kodi isiyo na loki: thredi zote mbili zinasoma 100,000, zinakutana kwenye barrier, zinaachiliwa pamoja, zote zinatoa, bagi (kosa la programu) imeonekana hapohapo bila kusubiri bahati. Kodi yenye loki: ya pili haiwezi kufika kwenye barrier maana ya kwanza imeshika loki, kikomo kinaisha, unaikamata hiyo exception ya barrier na unaendelea, moja inatoa na nyingine inakataliwa.

Najua utasema mbona kuna muda tena. Tofauti yake ni hii, seva ikiwa polepole hapa testi inaweza kukosa kuona bagi siku hiyo lakini haiwezi kufeli kwa kodi iliyo sawa. Testi inayofeli ovyo timu wanaizoea, wanabonyeza rudia, na siku ya bagi ya kweli watabonyeza rudia vilevile.

KijanaWaArua
Banange na msisahau prosesa. Intel na AMD zinafuata mpangilio mkali wa memori, ARM iko legevu zaidi, inaweza kupanga upya kusoma na kuandika kwa njia ambazo laptopu yako ya Intel haitakuonyesha hata ukirusha testi mwaka mzima. Na hata kwa Intel, JIT ya Java (inayogeuza kodi kuwa ya mashine programu ikiendelea) ikiona loopu inasoma boolean isiyo volatile (alama kwamba thredi nyingine inaweza kuibadilisha) inaweza kuisoma mara moja tu na kuzunguka milele. Kwa mambo kama hayo kuna chombo cha kutesti kinaitwa jcstress cha watu wa OpenJDK, na kuna Lincheck ya JetBrains ambayo ina hali ya kujaribu mipangilio mbalimbali ya thredi yenyewe halafu ikipata kosa inakuchapia hatua kwa hatua nani alifanya nini. Sisi tunaoandika Go tunarusha go test -race, inayotafuta resi (thredi mbili kugongana kwenye data moja), ipo tangu Go 1.1 ya 2013, lakini inaona tu njia ambazo testi yako imepitia, kwa hiyo ushauri wa dada hapo juu bado unahitajika.

Watu wanaosema "mbona imefanya kazi muda wote huu" wasome kuhusu umeme uliozimika Agosti 14, 2003 Marekani na Kanada, watu kama milioni 50. Kulikuwa na sababu nyingi, moja ni mfumo wa kengele kwenye chumba cha kuongozea umeme uliganda kwa sababu ya resi ya namna hiihii, na watengenezaji walisema mfumo ulikuwa umeshafanya kazi zaidi ya masaa milioni 3 bila hiyo bagi kutokea.

MwanaMbale
Asanteni sana. Nimefuta synchronized, testi ya zamani bado kijani!! Ile ya barrier ikawa nyekundu papohapo, nikarudisha loki ikapita. Swali moja bado, mbeleni tunataka kuweka seva mbili, hii testi itanitosha?

Kato_Ntinda
Hapana, na ni vizuri umeuliza mapema. synchronized inalinda ndani ya JVM (mtambo unaoendesha programu ya Java) moja tu, seva ya pili haijui chochote kuhusu loki ya ya kwanza. Hapo ulinzi uhamie kwenye database. Andika UPDATE moja (amri ya kubadilisha data) inayopunguza salio yenye sharti WHERE salio >= 70000, halafu angalia imegusa mistari mingapi, 1 ametoa, 0 amekataliwa. Kwa PostgreSQL, UPDATE ya pili inasubiri ya kwanza ikomiti (mabadiliko yathibitishwe), halafu inaangalia sharti upya kwenye salio jipya. Testi yake ni koneksheni mbili: ya kwanza inafanya UPDATE bila kukomiti, ya pili inaanza na kukwama, unakomiti ya kwanza, ya pili lazima irudishe 0. Na iwe kwa PostgreSQL yenyewe, usitumie database ndogo ya memori kwenye testi maana loki zake hazifanani.

DadaWaGulu
Na ongeza CHECK (sharti ambalo database inalilinda yenyewe) ya salio >= 0 kwenye jedwali. Kuna siku mtu mwingine ataandika UPDATE yake bila ile WHERE.