Peugeot 404 yangu imekuwa pambo la ua: naomba ushauri nirudie raha ya kuiendesha

Mzee wa Mtwapa

Wanajamvi, nawasalimu. Nimestaafu kazi ya ofisini, nami ninamiliki Peugeot 404 ya mwaka 1967 niliyoinunua mwaka 1994 kwa mwalimu mmoja wa Voi, ambaye alikuwa akipakia magunia ya mahindi kwenye kiti chake cha nyuma. Kwa miaka ishirini na mitano gari hilo lilinipa kazi na starehe kwa pamoja. Kila Jumapili alfajiri, kabla malori hayajajaa barabarani, nilikuwa nikitoka nalo kwenda Malindi, nakunywa chai, kisha narudi polepole huku vioo vimeteremshwa. Nilikuwa nikilirekebisha mwenyewe chini ya mwembe, na lilipokuwa na mikwaruzo sikuiona.

Mapenzi haya yalianza utotoni. Mwaka 1968 marehemu baba alinibeba mabegani kando ya barabara tukatazama magari ya mashindano ya East African Safari Rally yakipita, yamejaa tope hata namba hazisomeki. Yalianza magari 93 na yakamaliza 7 tu, na lililoshinda lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff, wale wale waliokuwa wameshinda kwa 404 mwaka 1963, ambapo pia yalimaliza magari 7. Kwangu mimi 404 ilikuwa gari la tope kabla haijawa kitu kingine chochote.

Kosa langu ni kwamba mwaka 2019 nililivua gari lote hadi bati tupu, nikalipaka rangi mpya ya kijivu kama ile iliyotoka nayo kiwandani, na kulipeleka kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano ya unadhifu wa magari, kule Ngong Racecourse, Nairobi, ambako waamuzi walichungulia hadi chini ya bodi. Nilipata alama za kuridhisha na nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Tangu siku hiyo nimekuwa askari wa gari badala ya kuwa dereva wake. Nikiona bodaboda inakaribia, tumbo linanikata. Safari za Malindi zilipungua zikawa za Kikambala, kisha za kituo cha mafuta, na sasa ni miezi kumi na minne halijatoka uani. Kila Jumamosi naliwasha kwa dakika tano, nalizima na kulifunika turubai. Mwezi uliopita nilitaka kulisogeza ili kijana afagie, nalo gurudumu la nyuma la kushoto lilikataa kuzunguka, likaburuzika na kuacha mfereji mchangani.

Fundi mmoja ananishauri nilipake rangi upya, kwa kuwa malengelenge yameanza kujitokeza chini ya mlango wa dereva. Mpwa wangu ananiambia niliuze. Ninyi mliokaa na magari ya zamani kwa miaka mingi, mnafanyaje ili mwendelee kuyafurahia?

Fundi wa Tudor

Shikamoo mzee. Kabla ya rangi na kabla ya kuuza, tuzungumzie gurudumu lililoganda, kwa sababu hilo limekupa jibu ambalo hukulitaka. Gari la mwaka huo lina breki za dramu pande zote nne, na mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu hewani. Yakikaa bila kubadilishwa, maji hayo hula ndani ya silinda ndogo za magurudumu, na pistoni zake zinaganda kwa kutu. Kwa sisi wa pwani ni haraka zaidi. Fungua dramu zote, badilisha raba za silinda, na mafuta ya breki yatolewe yote kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea.

Hizo dakika tano za Jumamosi ziache kabisa. Injini haipati joto la kutosha, kwa hiyo mvuke unaotokana na mwako unabaki ndani ya sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, na ndani ya sailensa, na wewe unadhani umelihudumia gari kumbe umelinywesha maji. Ni heri lilale, au litembee nusu saa na zaidi hadi kila kitu kipate moto.

Nina swali moja: je, umewahi kubadilisha mafuta ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma inayozungusha magurudumu, na ulitia yapi? Difu ya 404 si kama ya magari mengine, maana inazungushwa na skrubu ya chuma inayokamata gurudumu la meno la bronzi. Kiwanda kiliagiza mafuta yenye asili ya mbarika. Nimeletewa 404 iliyotiwa mafuta ya kawaida ya difu, yale makali yenye salfa, na bronzi ilikuwa imeliwa hadi vumbi lake linang'aa kwenye kizibo. Na chungulia feni yako: ile ya asili hushikwa na sumaku ya umeme injini ikipata moto, lakini mafundi wengi waliifunga kwa bolti izunguke daima kwa kuwa hawakuielewa.

Dada wa Tanga

Mzee wangu, huku kwetu mbarika tunaiita nyonyo, na sikujua kwamba kuna gari linaloinywa.

Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1972. Bawa lake la nyuma lina bonyeo ambalo marehemu mume wangu alilisababisha aliporudi kinyumenyume akagonga mnazi, na kila fundi anayeliona huomba alinyooshe, nami hukataa. Sisemi ulipige gari lako ili upone hofu, lakini nimegundua kwamba kwa sababu ya bonyeo lile sijawahi kuogopa kwenda sokoni.

Kuhusu malengelenge ya mlango, usikimbilie rangi. Chini ya milango kuna matundu madogo ya kutolea maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo. Aliyepaka rangi huenda aliyaziba, maji yakakaa ndani. Chukua njiti ya ufagio uyazibue, acha mlango ukauke juani siku mbili, kisha nyunyizia mafuta kwa ndani. Mimi kila nikirudi kutoka ufukweni huosha chini ya gari kwa maji baridi jioni ile ile, kabla chumvi haijalala.

Mkazi wa Ngara

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Mimi pia hushiriki Concours, na gari langu huliendesha mwenyewe hadi uwanjani, lakini hofu ya mzee si ya kipuuzi: barabara ya leo kati ya Mombasa na Malindi si ile ya mwaka 1994, na dereva wa matatu aliye nyuma yako hajui kwamba breki zako zinahitaji nafasi mara mbili ya zake. Asipoweza tena kuliendesha kwa utulivu, kuliuza kwa kijana atakayelitunza si aibu. Ila asiliuze likiwa limeganda, maana atalipwa bei ya chuma chakavu.

Mzee wa Mtwapa

Nawashukuru nyote. Mkazi wa Ngara, nimelifikiria la kuuza kwa usiku mzima na jibu langu ni kwamba bado. Fundi, silinda mbili za nyuma zilikuwa zimeoza kama ulivyosema, nami nimezibadilisha za magurudumu yote manne. Difu ina mafuta sahihi. Feni ilikuwa imefungwa kwa bolti, na mwenye kuifunga, nakiri, ni mimi, mwaka 1997. Matundu ya mlango wa dereva yalikuwa yamezibwa kwa rangi, na nilipoyazibua yalitoa maji kiasi cha kikombe.

Jumapili iliyopita niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilikusudia Kikambala, nikajikuta nimevuka daraja la Kilifi. Lori lilirusha kokoto ikagonga boneti, na sasa kuna doa la ukubwa wa punje ya mtama ambalo sijaligusa. Nilipofika nyumbani niliweka kiganja kwenye kila gurudumu: matatu yalikuwa ya vuguvugu, lakini la mbele kulia lilikuwa na moto hata sikuweza kulishika. Nimeinua gari kwa jeki, na gurudumu hilo linazunguka kwa uzito nikishakanyaga breki na kuachia. Silinda ni mpya. Tatizo liko wapi?

Fundi wa Tudor

Ni paipu ya mpira ya breki, mzee. Kwa nje huonekana nzima, lakini kwa ndani imevimba, hivyo mafuta yanapita kwa nguvu ya mguu wako na kushindwa kurudi. Legeza kijiti cha kutolea hewa kwenye gurudumu hilo; likiachia mara moja, ujue ndiyo yenyewe. Badilisha zote tatu, mbili za mbele na ile ya nyuma, kwa sababu zina umri mmoja.