Chama cha upinzani kifanye nini ili mpiga kura wa Mombasa akiamini tena?

Mkaazi wa Junda

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mimi ni mkaazi wa Junda, Kisauni. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikipita nyumba kwa nyumba pamoja na vijana wenzangu, tukikitafutia wanachama chama kimoja cha upinzani ambacho sitakitaja, kwa kuwa ninalouliza linavihusu vyama vyote. Nilipoanza nilidhani ugumu ungekuwa katika kueleza sera, lakini nimekuta kwamba wenyeji wanayajua matatizo yao kuliko mimi: wanajua bei ya mtungi wa maji siku mifereji inapokauka, wanajua ni kijana wa nani amemaliza chuo na sasa anaendesha bodaboda, na wanajua ni kiwanja kipi kimeuziwa watu wawili. Wanatusikiliza kwa adabu, wanatukaribisha chai, kisha hawajiandikishi.

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafunika sufuria yake, akaniuliza: "Na mkishapewa uwaziri, mimi nitawatafuta wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Jirani yake, mtu wa makamo, aliniambia kwamba mwaka 2021 alipokagua jina lake alikuta amesajiliwa katika chama ambacho hajawahi kukanyaga ofisi yake, na tangu siku hiyo hampi mtu nambari ya kitambulisho. Siwezi kumlaumu, kwa sababu mwezi Juni mwaka huo Wakenya wengi waliligundua jambo hilo hilo walipopata nafasi ya kukagua usajili wao mtandaoni.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Chama kisichoshika serikali, kisicho na barabara ya kuzindua wala hospitali ya kufungua, kinaweza kufanya nini kuanzia sasa ili mama yule apate sababu ya kukiamini? Naomba mambo yanayoweza kutendeka katika wadi, kwa kuwa ya jukwaani tunayo ya kutosha.

Karani Mstaafu wa Bandari

Wa alaykum salaam, mwanangu. Swali la mama huyo ningekuomba uliandike ukutani katika ofisi ya tawi lenu kabla hamjaandika ilani, kwa sababu halikumjia bure. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa, Desemba 1991, tulipanga foleni mwaka uliofuata tukiamini kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha; upinzani ukagawanyika, na Rais Moi akarudi kwa chini ya asilimia 40 ya kura. Mwaka 2002 wapinzani waliungana chini ya muungano wa NARC wakashinda, lakini makubaliano waliyotiliana saini wao kwa wao yakageuka kuwa chanzo cha ugomvi, hata ilipofika kura ya maoni ya Novemba 2005 mawaziri wa serikali moja walikuwa wakipingana hadharani. Tarehe 9 Machi 2018 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, na Rais Uhuru Kenyatta wakashikana mikono. Baada ya maandamano ya Juni 2024, wakuu wa ODM, chama cha Raila, wakaingia katika baraza la mawaziri la Rais Ruto, akiwemo aliyekuwa gavana wetu Hassan Joho, na tarehe 7 Machi 2025 pande hizo mbili zikatia saini makubaliano ya kushirikiana.

Sisemi kwamba kila maridhiano ni usaliti. Maridhiano ya mwaka 2008 yalisimamisha umwagaji wa damu, na aliyeziona siku zile hawezi kuyabeza. Ninachosema ni kwamba kila mara aliyepiga kura alipata habari kwenye redio kama mgeni, ilhali kura iliyouzwa au kukopeshwa ilikuwa yake.

Na Mombasa iliwahi kulipa gharama ya jambo hilo. Mwaka 2019 ilipotolewa amri kwamba makasha yanayoshuka katika bandari yetu ya Kilindini yasafirishwe kwa reli mpya na kushughulikiwa bara, malori yaliegeshwa, mabohari yakafungwa, na vijana niliowafundisha kazi ya forodha wakarudi nyumbani. Wakati huo ndipo tulipohitaji upinzani wenye sauti kuliko wakati mwingine wowote, lakini wakuu wake kitaifa walikuwa wamekwisha kupatana na serikali, na walioyabeba maandamano ya kila Jumatatu mjini walikuwa zaidi wanaharakati na watu wa malori wenyewe. Amri iliyorudisha shughuli hizo bandarini ilikuja tarehe 13 Septemba 2022, siku rais mpya alipoapishwa. Mtu wa Changamwe aliyeishi miaka hiyo mitatu hahitaji kufundishwa siasa.

Kwa hivyo ushauri wangu ni mmoja. Chama kiseme kabla ya kura, kwa maandishi, kitafanya nini kikiitwa serikalini: ni masharti gani, ni nani atakayeamua, na je, wajumbe wa matawi watapiga kura au watajulishwa tu? Ndugu zetu wa Zanzibar, pamoja na machungu yao mengi, waliliingiza jambo hili katika katiba yao mwaka 2010, ili mwenye kupiga kura ajue mapema kwamba chama cha pili kinaweza kuingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mtu anaweza kuupenda mpango huo au kuuchukia, lakini hawezi kusema kwamba alishtukizwa. Karatasi ya namna hiyo ukiwa nayo mkononi, mwanangu, rudi kwa mama wa mahamri.

Wakala wa Likoni

Mzee wetu, shikamoo. Dada yangu wa Junda, mimi nitazungumzia jambo dogo zaidi ya hilo, kwa kuwa nimeliona kwa macho yangu.

Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa chama katika kituo kimoja cha Likoni. Nilifika kabla ya alfajiri, nikakaa mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa, nikatia saini Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura ya urais kituoni, na nikabaki na nakala yangu. Uchaguzi wa gavana wa Mombasa ulipoahirishwa kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, nilirudi tena tarehe 29 Agosti. Posho niliyoahidiwa haikufika mpaka leo, na hilo nimelisamehe. Ambalo sijalisahau ni kwamba hakuna aliyewahi kuniomba ile nakala. Nilipiga simu mara tatu. Mara ya tatu niliambiwa kwamba wakubwa wanashughulikia, na siku chache baadaye nikawasikia wakubwa hao hao wakilalamika kwamba kura zao zimeibwa. Inawezekana ziliibwa kweli mahali fulani. Mimi sikuwapo kila mahali. Lakini chama kisichokusanya ushahidi wa wakala wake kinamwambia wakala huyo kwamba hata chenyewe hakijali ukweli, na wakala huyo ana mume, ana dada, na ana majirani arobaini wanaomuuliza yaliyotokea.

Fikirieni yaliyofanyika kitaifa mwaka huo huo. Tume ya uchaguzi iliziweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kila mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Watu walibishana na mahakama ikaamua, lakini mabishano yalihusu karatasi ambazo wote walikuwa wameziona. Sasa mbona vyama vinavyodai uwazi huo kutoka kwa tume havifanyi vivyo hivyo katika kura zao za mchujo, zile za kuteua wagombea wao? Hapa kwetu mchujo ndio mahali watu wanapokata tamaa kwanza. Unapanga foleni juani, kura zinahesabiwa mkishuhudia, aliyeshinda anajulikana na mtaa mzima, na kesho yake cheti kinatolewa kwa mwingine Nairobi. Ibara ya 91 ya Katiba inavitaka vyama vifanye chaguzi huru na za haki ndani yake, na kwa hivyo hilo halipaswi kuonekana kama hisani ya kiongozi.

Chama chenu kikitaka kuaminiwa Junda, kiyaweke matokeo ya mchujo kituo kwa kituo, yabandikwe ukutani na yapigwe picha, na yule mgombea anayependwa na makao makuu akishindwa, aachwe ashindwe. Siku hiyo mtapoteza mtu mmoja mwenye pesa. Wanaoangalia ni wengi kuliko mnavyodhani.

Mfuatiliaji wa Bajeti, Changamwe

Namheshimu sana mzee wetu, na historia aliyoieleza ni sahihi, ila naomba nitofautiane naye kwa jambo moja. Tumezoea kusema upinzani kana kwamba ni watu wasio na mamlaka yoyote, na kwa Mombasa hilo si kweli tangu ugatuzi uanze. ODM ilikuwa upinzani Nairobi tangu 2013, lakini hapa ndiyo iliyotoa magavana wote wawili tuliopata kuwa nao. Mwananchi wa Mombasa amepata kipimo ambacho baba yake hakuwa nacho: anaweza kukisikiliza chama kikiilaumu serikali kuu kwa ubadhirifu, kisha akatembea mpaka zahanati ya kaunti akaona kama dawa zipo. Wengi wanaoonekana kuuchoka upinzani wamefanya hesabu hiyo kimya kimya.

Na hata chama kidogo kinaweza kuwa na mwakilishi mmoja katika bunge la kaunti, ambalo lina wadi 30. Mmoja anatosha kuanzia. Sheria imeweka kalenda ambayo wachache huifuata: taarifa ya mkakati wa fedha hufikishwa bungeni kabla ya mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha tarehe 30 Juni. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti ya matumizi ya kaunti kila robo ya mwaka. Nimehudhuria vikao vya kukusanya maoni ya umma ambapo ukumbi ulikuwa na maofisa, wazee wachache, na vijana waliofuata nauli, na sikuona hata mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa ametumwa na chama cha siasa. Nafasi hiyo iko wazi, tena haina gharama kubwa. Chama kinachochukua makadirio ya Aprili, kikatoa kurasa zinazohusu Junda, kikazisoma barazani kwa Kiswahili ambacho muuza mahamri anakielewa, kikarudi baada ya robo ya mwaka na kusema mfereji huu ulitengewa kiasi hiki na kazi imefika hapa, kitakuwa kimefanya kazi ya upinzani bila kumtukana mtu.

Nitaongeza jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Serikali inapofanya jema, chama kiseme ni jema. Shughuli za makasha ziliporudi bandarini mwaka 2022, watu waliokuwa wamekosa kazi walifurahi, na aliyejaribu kuwatafutia kasoro katika furaha yao alipoteza haki ya kusikilizwa siku alipoleta lawama ya kweli.

Kijana wa Majengo

Mimi nina neno moja tu kuhusu fedha. Nyumbani kwetu mtu huambiwa asiulize pesa za kampeni zimetoka wapi, na kwa hivyo tunadhani jibu ni baya hata pale ambapo pengine si baya. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inavitaka vyama vitangaze vyanzo vya fedha zao, na Mfuko wa Vyama vya Siasa umewekwa kuwa si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu, ingawa vyama vimelalamika miaka mingi kwamba havipewi kiasi hicho. Tawi la Junda halihitaji kusubiri Nairobi. Libandike mlangoni kila mwezi: tumepokea kiasi hiki kutoka kwa fulani, tumelipa kodi ya ofisi, tumenunua karatasi. Marafiki zangu wengi hawajajiandikisha kupiga kura kabisa, wala si kwa uvivu, na jambo kama hilo lingewafanya angalau wasimame wasome.

Mkaazi wa Junda

Mzee wangu, dada yangu, na ndugu zangu wote wawili, Mungu awalipe kheri. Nimeyasoma majibu haya kwa wenzangu wanne jana baada ya Isha, tukabishana sana, hasa juu ya rai ya dada ya kumwacha mwenye pesa ashindwe, kwa sababu sote tunamjua mtu huyo na tunajua ndiye aliyetulipia viti vya mkutano uliopita.

Tumekubaliana mambo matatu. Daftari la mapato na matumizi ya tawi litabandikwa mlangoni kuanzia mwezi ujao, kwa kuwa hilo liko mikononi mwetu. Mmoja wetu atakwenda kuyatafuta makadirio ya kaunti na kuzitoa kurasa za wadi yetu. La tatu ni lile la mzee, na hilo haliko mikononi mwetu: tumeandika barua kwa makao makuu tukiuliza chama kitafanya nini kikiitwa serikalini, na ni nani atakayeamua, tukaomba jibu lenye saini. Vilevile tumekwisha kumrudia yule jirani tukamwonyesha namna ya kujiondoa katika chama alichosajiliwa bila idhini yake, bila kumwomba aingie katika chetu.

Barua ikijibiwa, nitaipeleka kwa mama wa mahamri kama ilivyo. Isipojibiwa kufikia mwisho wa mwezi, nitakwenda kwake vilevile nimwambie kwamba tuliuliza na hatukujibiwa.