Mawaridi yangu yanaungua majani, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mama_Miiba: Wakuu habari zenu, nimekwama jamani. Nina mashina 6 ya waridi, huku ni jangwa kabisa, mchana joto linafika nyuzi 44, na majani yanakauka kuanzia kwenye kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Namwagilia kidogo kila jioni. Jumamosi nayahamishia upande wa pili wa nyumba, swali langu ni moja tu, shimo liwe na kina gani?

Babu_Jembe: Sentimita 50 inatosha, changanya na mboji. Mimi mwaka wa kwanza niliyapanda kwenye ndoo nyeusi za plastiki nikaziweka juu ya sakafu ya saruji, jua likachemsha mizizi, yakafa yote hata wiki mbili hayakufika. Iliniuma sana.

Zuwena77: Tunalazimisha mambo. Jangwani panda mimea ya jangwani, hayo maji wengine hawana.

Babu_Jembe: Mbona Taif kule Saudia wanavuna waridi kila mwaka?

Kivuli: Taif iko milimani, zaidi ya mita 1,500, na wanavuna Machi na Aprili kabla ya jua kali. Dada, usihamishe sasa, subiri baridi. Na acha maji ya kidogo kidogo, mwagilia alfajiri mpaka yazame nusu mita, kisha tandaza majani makavu unene wa sentimita 7 mpaka 10.

Fundi_Bomba: Kingo kuungua hivyo sio jua peke yake. Maji unatoa wapi?

Mama_Miiba: Ya kawaida tu.

Fundi_Bomba: Kawaida ya wapi, dada?

Mama_Miiba: Haya, ya kisima. Yana chumvi kidogo, ndoo ikikauka inabaki weupe. Ila miaka miwili hayakuwa na shida, na mbolea naweka kila wiki maana niliona yana njaa. Mashimo nimeshachimba yote 6, siwezi kurudi nyuma. Na shina moja lina maua matatu mpaka leo, sasa ingekuwa chumvi si lingekufa nalo?

Mpita_Njia: Umejikamata hapo. Nyuzi 44, maji ya chumvi, mbolea kila wiki, halafu maua matatu? Hii stori umetunga, watu wanapoteza muda.

Zuwena77: Hata mimi nilishaanza kushangaa.

Mama_Miiba: Sijatunga kitu! Maua yenyewe madogo kama kifuniko cha chupa, rangi imepauka, yanachanua asubuhi jioni yamenyauka. Shina hilo lipo nyuma, ukuta unalipa kivuli kuanzia saa 8 mchana, na bomba la kiyoyozi linadondokea pale pale.

Fundi_Bomba: Kumbe! Maji ya kiyoyozi hayana chumvi, ni mvuke wa hewani uliopoa. Hilo shina linasafishwa mizizi kila siku, hayo mengine unayaongezea chumvi ya kisima na ya mbolea juu yake. Simamisha mbolea mpaka joto lishuke, kinga hayo maji, na ya kisima ukiyatumia mwaga mengi kwa mkupuo yaisukume chumvi chini ya mizizi. Matano yafunike wavu wa kivuli mchana.

Mpita_Njia: Maua kuwa madogo hivyo ni kweli joto hufanya. Samahani dada.

Mama_Miiba: Nimeshaweka ndoo chini ya kiyoyozi. Mashimo nayaacha wazi mpaka baridi, ila lile shina la pembeni limebaki na majani manne, hilo nalo lisubiri kweli?

Kivuli: Hilo ndilo lisubiri kabisa, dada. Wala usilikate matawi.